Siku Saba Nairobi, kutoka Kabete hadi ghala la mizigo

Jumapili jioni

Kesho naanza wiki ambayo sikuiomba. Ofisi imenikabidhi mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, binti wa Garissa aliyepata ufadhili wa kuchunguza homa ya Bonde la Ufa kwa mbuzi na ngamia, ili nimzungushe katika vituo vya utafiti vya Nairobi kabla hajaanza kazi yake ya maabara. Mwanzoni nilitafuta kijana wa kumwachia jukumu hilo, kisha nikaipitia ratiba na kuona kwamba karibu kila kituo kilichomo nimewahi kufanya kazi ndani yake, au kuingia kuomba sampuli, au kuketi kwenye vikao vyake hadi chai ikapoa. Nimeona afadhali niende mwenyewe na niandike kila jioni. Kwa miaka 18 nilikuwa mtu wa virusi, na kwa miaka kumi hivi sasa kazi yangu ni kuwatafutia wengine nafasi, vifaa na fedha za kufanya kazi ile niliyoiacha. Ndugu zangu wa Mombasa wakiniuliza siku hizi nafanya kazi gani hasa, hubabaika kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Jumatatu, Kabete

Tuliondoka Westlands saa moja asubuhi, tukapita Kangemi na Uthiru, na kabla ya saa mbili tulikuwa tumeshaandikisha vitambulisho langoni. Nilianzia Kabete kwa makusudi. Watu wengi hudhani utafiti wa virusi Nairobi ulianza na UKIMWI, ilhali jiji hili lilikuwa limeshaupa ugonjwa jina lake miongo mingi kabla: ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, unaosababishwa na kirusi kinachobebwa na kupe, ulielezwa tangu mwaka 1910. Mwaka 1930 wanakondoo walianza kufa kwa wingi na kondoo kutupa mimba katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na wataalamu wa mifugo wa serikali ya kikoloni wakaitwa. Mwaka uliofuata Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na tangu hapo dunia inauita homa ya Bonde la Ufa.

Mwanafunzi wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Daktari, na mchungaji aliyewaambia kwamba kondoo wanakufa, yeye aliitwa nani?" Sikuwa na jibu. Nimefundisha habari za ugonjwa huu mara nyingi na swali hilo halijawahi kunijia.

Tulizungumza pia kuhusu Muguga, ambako hatukufika kwa sababu ya muda. Huko ndiko Walter Plowright na wenzake walikokikuza kirusi cha sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, katika seli za figo za ndama, wakikihamisha kutoka chombo hadi chombo kwa takriban mara 90, mpaka kikapoteza ukali wake lakini kikabaki na uwezo wa kuamsha kinga ya mwili. Chanjo hiyo ilikuwa miongoni mwa nguzo za kampeni iliyoimaliza sotoka. Kwa mara ya mwisho ugonjwa ulionekana mwaka 2001 kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru, sotoka ikawa ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Hili hunifurahisha na kunikera kwa wakati mmoja. Linanifurahisha kwa sababu kazi ilifanyika mwendo wa nusu saa kutoka nilipokaa naandika haya. Linanikera kwa sababu wakati Muguga ikifanya maajabu hayo, mwenyeji aliyeruhusiwa kuuliza swali lake mwenyewe katika maabara za aina ile alikuwa mmoja mmoja, na wengi walioajiriwa walikuwa wa kuosha chupa na kushika ng'ombe.

Mchana tuliingia ILRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, ambacho mizizi yake ni maabara ya magonjwa ya wanyama iliyoanzishwa hapo hapo mwaka 1973. Alionyeshwa mashine za kusoma vinasaba, akauliza maswali ya maana, na tukarudi kwa foleni ya kawaida ya Waiyaki Way.

Jumanne, Mbagathi

Siku ya leo nilikuwa naiogopa kidogo. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, iliundwa kwa sheria mwaka 1979, na makao yake makuu yako Mbagathi, si mbali na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Tulipokwisha kusalimia wenyeji, tuliketi kwenye benchi chini ya mti, na nikamwambia binti huyu habari za Desemba 1997.

Mvua za El Niño zilikuwa zimeigeuza nyanda ya kaskazini-mashariki kuwa bahari. Taarifa zilizofika Nairobi zilisema watu wanakufa wakivuja damu, na mifugo inakufa pia, na barabara zimekatika. Mimi nilikuwa msaidizi katika maabara moja hapa mjini, mwenye shahada ya kwanza niliyoipata mwaka huo huo, na kazi yangu katika mlipuko ule ilikuwa kufunga mizigo. Nilikizungushia kila kichupa cha damu pamba, nikavitia vichupa katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kusokota, kopo lile nikalitia ndani ya kopo la pili, na la pili ndani ya boksi lililojaa barafu kavu. Kisha nikaandika anwani kwa herufi kubwa. Sampuli za mlipuko ule zilipimwa Johannesburg, katika taasisi ya taifa ya virusi ya Afrika Kusini, na Atlanta, Marekani. Sisi tuliokuwa karibu zaidi na wagonjwa tulikaa tukisubiri simu. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika Garissa peke yake.

"Na 2006?" aliuliza. Alijua jibu kuliko mimi, kwa kuwa mwaka huo alikuwa na umri wa miaka tisa na alikuwa huko. Alisema mbuzi wa baba yake walianza kutupa mimba wote kwa juma moja, na mama yake akawakataza watoto kunywa maziwa ambayo hayajachemshwa, ingawa hakuna aliyemweleza sababu. Kisha ikaja amri ya kutochinja. Idi ya Kuchinja mwaka huo iliangukia siku za mwisho za Desemba. "Idi ile hatukuchinja," alisema. "Baba alikaa mlangoni siku nzima kama mtu aliyefiwa."

Nilimweleza upande wa pili wa kisa hicho, kwa sababu kirusi hiki kina akili ya subira. Baadhi ya mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai yenye kirusi tayari ndani yake, na mayai hayo huweza kukaa miaka katika udongo mkavu wa mabonde madogo ya mbugani. Mvua kubwa ikijaza mabonde hayo, mbu huanguliwa wakiwa wameshaambukizwa, huwauma mifugo, mifugo huongeza kirusi mwilini, kisha mbu wengine hukichukua na kukitawanya. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kuchinja, kushika damu au kijusi cha mnyama aliyeharibu mimba. Amri iliyomliza baba yake ilikuwa na sababu.

Tofauti ya mwaka 2006 ni hii: damu ya wagonjwa 19 wa mwanzo ilipopimwa, 10 kati yao walikuwa na vinasaba vya kirusi au kingamwili za maambukizi mapya, na jibu hilo lilipatikana Nairobi, katika maabara za KEMRI na washirika wake wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kabla ya Desemba kwisha. Watu zaidi ya 150 walifariki Kenya katika mlipuko ule, kwa hiyo sithubutu kuita ushindi. Lakini miaka tisa kabla, ningekuwa bado natafuta barafu kavu.

Akaniuliza kilichobadilika ni nini. Ningependa kusema ni akili, ila akili zilikuwepo hata 1997. Niliketi nazo benchi moja. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na chumba salama cha kupimia, mashine, umeme wa akiba, na mafundi ambao walikuwa wamefanya kipimo kile mara mia katika siku za utulivu, hivyo siku ya taharuki mikono yao ilijua pa kwenda. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vilitoka ng'ambo, na sehemu kubwa ya fedha vilevile. Hilo pia nilimwambia.

Jumatano, Pumwani

Mvua asubuhi. Pumwani matatu zilikuwa zimepanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, nasi tukatembea katikati ya barabara.

Hapa ndipo, mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada walipoanza kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono ili kuelewa magonjwa ya zinaa, VVU vikiwemo. Baada ya miaka kadhaa walikutana na jambo ambalo halikutarajiwa: kundi dogo la wanawake waliokabiliwa na kirusi mara nyingi mno lakini vipimo vyao vikabaki vile vile, hawana. Damu ya baadhi yao ilikuwa na seli za kinga zilizokitambua kirusi, kana kwamba mwili ulikuwa umepigana na kushinda kimya kimya. Kisha likaja fumbo la pili, kwamba miongoni mwa wachache walioambukizwa baadaye, wapo waliokuwa wamepunguza au kuacha kazi ile kwa muda, na ikadhaniwa kuwa kinga ile ilihitaji kukumbushwa kila mara. Maarifa hayo yalichangia chanjo iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Oxford, na mwaka 2001 majaribio ya kwanza ya chanjo ya VVU nchini Kenya yakaanza. Ilikuwa salama. Kinga iliyoamsha ilikuwa hafifu, na njia hiyo ikaachwa.

Kizazi changu chote cha wanasayansi wa kinga Nairobi kililelewa na kisa hiki, hata sisi ambao hatukufanya kazi ndani yake. Mimi nilikuwa katika utafiti mwingine wa VVU. Damu za washiriki wetu zilisafirishwa Ulaya kwa sababu mashine ya kuhesabu na kupanga seli ilikuwa huko, na mimi nikapata ufadhili wa uzamivu katika mji ule ule. Kwa maneno mengine, nilizifuata damu za Nairobi hadi Ulaya ili nijifunze kuzisoma, kisha nikarudi Nairobi ambako hapakuwa na kifaa cha kuzisomea.

Niliporudi, mshiriki mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akija kila baada ya miezi mitatu tangu nilipokuwa bado chuoni, alinishika mkono kwenye varanda akaniuliza, "Mwanangu, damu yangu imefika wapi?" Nilidhani anauliza majibu ya kipimo. Nikaanza kumweleza, akanikatiza: alitaka kujua iko nchi gani. Nilimtajia nchi. Akacheka, akasema yeye hajawahi kupanda hata ndege ya Mombasa.

Tulikula chapati na maharagwe katika kibanda kilicho karibu, na mwanafunzi wangu hakusema mengi.

Alhamisi, Kasarani

Barabara ya Thika ilikuwa imefungamana, tukafika icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, tumechelewa saa nzima na kuondoka mapema. Nitakalolikumbuka ni Thomas Odhiambo, ambaye picha yake huwa naitazama kila ninapofika. Mwaka 1967 aliandika katika jarida la Science akitaka Afrika Mashariki ijenge vituo vyake vya utafiti wa kiwango cha juu, na mwaka 1970 akaanzisha hiki cha wadudu. Wakati huo wengi wangemwambia asubiri barabara na visima vikamilike kwanza. Mwaka 1983 kituo kikaanzisha mpango wa kufundisha wanafunzi wa uzamivu kutoka vyuo vikuu mbalimbali vya Afrika, kila mmoja akifanya utafiti hapa na kupata shahada katika chuo kilichomsajili, na mwaka 1985 Odhiambo akawa miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika, jumuiya ya wanasayansi inayojulikana kwa kifupi kama AAS, ambayo makao yake yako Nairobi.

Alikuwa mtaalamu wa homoni na tezi za wadudu. Angeweza kubaki na darubini yake maisha yote na hakuna ambaye angemlaumu.

Ijumaa, ofisini

Leo hatukutoka. Nilimketisha mbele ya meza yangu nikamwonyesha kazi yenyewe, nayo haipendezi kutazama: majedwali ya bajeti, mikataba, barua za kamati za maadili, ripoti za robo mwaka. Alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtu aache virusi kwa ajili ya haya, nami nikamsimulia habari ya friza.

Ilikuwa mwaka 2009, wikendi ndefu. Umeme ulikatika Ijumaa usiku katika taasisi niliyokuwa nikifanya kazi, ambayo sitaitaja, na jenereta haikuwaka kwa sababu haikuwa na dizeli. Friza la nyuzi 80 chini ya sifuri huweza kuvumilia muda ukiliacha limefungwa, lakini halivumilii siku tatu. Jumanne asubuhi nilifungua mlango na maji yakanimwagikia viatuni. Mle ndani mlikuwa na vikasha vya karatasi ngumu, kila kimoja na vyumba 81, tisa kwa tisa, na karatasi ilikuwa imelowa hata vikasha vikanivunjikia mkononi, vichupa vikatawanyika sakafuni huku wino wa majina ukifutika. Miaka minne ya damu za watu. Tulipochunguza, tuligundua kwamba hati ya kununua dizeli ilikuwa imekaa majuma mawili katika trei ya mtu aliye likizo, ikisubiri sahihi moja. Fedha zilikuwepo.

Sikuacha maabara siku hiyo, wala mwaka huo. Lakini nilianza kuwatazama wahasibu na maofisa ununuzi kwa jicho jingine, na mwaka 2015, AAS na NEPAD, wakala wa maendeleo wa Umoja wa Afrika, zilipoanzisha AESA, jukwaa la kusimamia ruzuku za utafiti kwa mikono ya bara lenyewe, nilijua ningependa kufanya kazi ya namna ile. Mwaka huo huo ulizinduliwa mpango wa DELTAS Africa, wenye programu 11 zilizoongozwa na wanasayansi walio Afrika na fedha zinazokaribia dola milioni 100. Leo mpango huo uko chini ya Science for Africa Foundation, hapa hapa Nairobi. Kwa mtu aliyekua akiona kila mtafiti mkuu akiishi ng'ambo na kila Mwafrika akiitwa mshirika, kule kubadilika kwa sahihi iliyo chini ya mkataba kulikuwa jambo zito.

Nilimwonyesha pia jambo dogo ninalolipenda. Zamani taasisi moja yenye wafadhili saba ilikaguliwa mara saba kwa mwaka, kila mfadhili na fomu zake, na mhasibu hakuwa na siku ya kununua dizeli. Mwaka 2018 Shirika la Viwango la Afrika, ambalo nalo lina makao Nairobi, lilitoa kiwango kimoja cha bara zima cha usimamizi wa fedha za ruzuku, ili taasisi ikaguliwe mara moja na cheti chake kiaminiwe na wote. Hakuna atakayepewa tuzo kwa hilo. Mimi kwa thamani naliweka karibu na mashine ya vinasaba.

Kuna mambo ambayo siyapendi katika uwanja huu, na nilimwambia bila kuficha. Sipendi warsha za siku tatu hotelini, zenye mifuko na vyeti, ambazo huitwa kujenga uwezo. Ninapima uwezo kwa kuuliza kama fundi wa maabara ana ajira ya kudumu au anaomba kazi upya kila mradi unapokwisha. Na nikamwonyesha sheria yetu ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, inayosema asilimia 2 ya pato la taifa iende katika mfuko wa utafiti. Aliisoma mara mbili, akanitazama. Nikamwambia hatujafika hata nusu ya hapo.

"Lakini Daktari, huikosi maabara?" Naikosa. Naikosa zaidi asubuhi, kabla barua pepe hazijaanza, saa ile ambayo ningekuwa natazama seli kama zimekua usiku.

Jumamosi, Embakasi na kurudi

Vitendanishi vyake vya kwanza viliwasili uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jana usiku. Kwa desturi ningemtuma wakala, ila nilitaka aone. Mwaka mmoja nilipoteza shehena ya vimeng'enya iliyokaa majuma matatu katika ghala moja la mizigo kwa kukosa karatasi moja. Vilipotoka vilikuwa vimekufa, na bado tulilipia gharama ya kuvihifadhi. Safari hii tulikuwa na kibali cha kuingiza, barua ya msamaha wa kodi, ankara nakala nne, na barua ya chuo. Karani alizigeuza moja moja kwa kidole kilicholowa mate, akaomba nakala ya tano ya ankara. Binti wa Garissa akafungua mkoba na kuitoa. Alikuwa amepiga nakala kumi.

Saa nane na nusu tulikuwa maabara. Alikata utepe wa boksi kwa wembe, akainua mfuniko wake, na moshi mweupe ukashuka ukingoni na kutambaa juu ya meza. Barafu kavu ilikuwa bado ipo, vipande vikubwa vya ukubwa wa ngumi. Fundi wa maabara, ambaye yuko hapo kwa miaka 11 na mkataba wake ni wa kudumu, alimwonyesha rafu yake ndani ya friza, ya tatu kutoka juu, akamkumbusha mlango usikae wazi.

Alivipanga vimeng'enya, kisha akatoa kikasha kitupu cha vyumba 81 kwa ajili ya damu za mbuzi atakazozileta mwezi ujao, akakilaza mezani na kuniomba kalamu. Juu ya mfuniko aliandika Garissa, akaacha nafasi ya tarehe. Nilisubiri aandike anwani ya kupelekwa, kwa mazoea tu, mpaka nikakumbuka kwamba hakuna. Akakifunga, akakiweka ndani.